Jina la Mtu na Ukoo Wake: Gitega na Muyinga

Mwalimu asomaye orodha ya wanafunzi, iwe Gitega au Muyinga, hukuta ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wakiwa na majina mbalimbali. Mmoja ni Nyandwi, kwa kuwa alizaliwa wa saba. Amfuataye ni Minani, wa nane. Pacha ni Bukuru na Butoyi. Jina la Kirundi ni kauli ya mzazi: shukrani, sala, pengine kijembe kwa jirani. Kwa desturi halirithiwi. Hata kwa Waislamu wa Muyinga, ambao mara nyingi huunganisha jina la mtoto na la baba, kizazi kifuatacho hubadili. Walau Abaganwa, watu wa nasaba ya kifalme, walijinasibu kwa wafalme: Abatare kwa Ntare, Abezi kwa Mwezi.

Ulaya jina la baba humshukia mwana, na kromosomu Y humshukia vilevile. Ndiyo maana mwaka 2000 Bryan Sykes wa Oxford aliwapima wanaume waitwao Sykes, akakuta karibu nusu yao wana alama moja ya vinasaba. Kipimo hicho kikiletwa kwetu kama kilivyo, kikawakusanya akina Nyandwi wote, kitakuwa kimekusanya watoto wa saba, wala si ukoo!

Cha kuulizwa kwetu ni umuryango, yaani ukoo wa baba, pamoja na jina la babu na kilima alichokaa. Hayo yamo vinywani mwa wazee, na kwa kiasi fulani katika vitabu vya ubatizo vya misheni kongwe kama Mugera, iliyoanzishwa mwaka 1899 katika nchi ya Gitega.

Haja yenyewe si udadisi. Mwaka 2020, huko Karusi, katikati ya Gitega na Muyinga, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000, yakihusishwa na mauaji ya mwaka 1972. Baadhi ya marehemu walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Vinasaba vyaweza kusema zaidi ya rozari, ila kwa sharti moja: awepo jamaa aliye hai wa kulinganishwa naye. Kumpata ni kazi ya kumbukumbu, si ya maabara, nao wengi walionusurika walikimbilia Tanzania wakazaa huko. Tena iko sehemu ya vinasaba ipitayo kwa mama peke yake. Hapo binti wa dada humtambulisha mjomba wake kuliko mwana wa marehemu mwenyewe. Lakini mama yake aliolewa kilima kingine, na wazee wanaohesabu ukoo wa baba hawamtaji binti huyo.