Kasoko: ya volkano na ya kimondo

kasoko *nm* [i-/zi-]
1. shimo la mviringo lililo kwenye kilele cha mlima wa volkano: *Kasoko ya Kibo ipo juu ya Mlima Kilimanjaro.*
2. shimo la mviringo linaloachwa na kimondo kikubwa kinapoipiga Dunia, Mwezi au sayari nyingine: *Kasoko ya Tycho, iliyopo Mwezini, ina upana wa kilomita 85 hivi.*

Sarufi. Silabi ya kwanza isimhadae msomaji: *ka-* hapa si kiambishi cha udogo, wala neno hili halimaanishi soko dogo. Husemwa *kasoko hii kubwa*, *kasoko hizi kubwa*. Si *kasoko haka*.

Matumizi. Anayeitazama Milima ya Uluguru kutoka Mazimbu haoni kasoko ya aina yoyote. Milima hiyo haikujengwa na volkano, bali ni miamba mikongwe iliyoinuliwa kwa mipasuko ya ardhi. Wengi wetu, basi, hulijua neno hili kwa kusikia habari za Ngorongoro, na tangu hapo kila kasoko huonekana kuwa ya volkano. Ndiyo maana hukutana mara kwa mara na tafsiri zisemazo kuwa Mwezi “umejaa volkano”. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, lakini ni ya uongo kisayansi: kasoko nyingi mno za Mwezi zilichimbwa na vimondo, nazo hudumu kwa kuwa huko hakuna mvua wala upepo wa kuzifuta.

Umbo halitoshi kutofautisha maana hizi mbili. Ngorongoro, yenye upana wa kilomita 19 hivi, ni *kaldera*: volkano iliyodidimia baada ya kumwaga magma yake. Luizi, katika uwanda wa juu wa Kundelungu huko Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ina upana wa kilomita 17 hivi. Lakini mwaka 2011 wanajiolojia walithibitisha kuwa iliachwa na kimondo. Ushahidi ulikuwa ndani ya mawe: chembe za madini zenye alama za mgandamizo mkali ambao volkano haiwezi kuuleta.

Kwa hiyo, matini inapohusu chanzo, mfasiri akitaje: *kasoko ya volkano* au *kasoko ya kimondo*. Chanzo kikiwa kimekwisha kutajwa, *kasoko* pekee hutosha.

Angalizo. *Kimondo* ni jiwe. *Kasoko* ni shimo. Kimoja hakimlazimu mtu kukitaja kingine: Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, ni pande la chuma lenye uzito unaozidi tani 10, lakini mahali kilipo hapaonekani kasoko.

Tazama pia: *kaldera, kimondo, volkano*