Mwaka TAZARA inakabidhiwa, vitabu vya Maillu vikapigwa marufuku Bongo

Julai 1976 reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi: kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia. Treni inakatiza bonde la Kilombero, inapita Mang'ula, inapita Ifakara, inafika Mlimba, kisha inaanza kupandisha milima kwenda Makambako. Safari ndefu hiyo, na simu ya kuchezea hakuna. Abiria anataka kitu cha kusoma.

Sasa pale Nairobi kulikuwa na jamaa aliyekuwa anaandika kwa ajili ya abiria wa aina hiyo hasa. Vitabu vidogo, vya kuingia mfukoni, mapenzi mwanzo mwisho, pombe, hela, mabosi na masekretari. Mwaka huohuo 1976 serikali ya Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vyake.

Jamaa anaitwa David Maillu. Alizaliwa mwaka 1939 Ukambani, na sehemu kubwa ya elimu yake alijisomesha mwenyewe. Akafanya kazi ya uchoraji Voice of Kenya, lakini kichwani alikuwa na mpango mwingine. Kabla ya kuandika alifanya jambo ambalo waandishi wengi wa zama zile wangeliona la kishamba: aliwauliza watu wa kawaida wanapenda kusoma habari gani. Majibu si unayajua? Mapenzi yalikuwepo, hela zilikuwepo. Hakukaa kusubiri mchapishaji mkubwa amkubali. Akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, na mwaka 1973 akatoa viwili: My Dear Bottle, mlevi anaongea na chupa yake, na Unfit for Human Consumption, karani wa serikali anayemaliza mshahara kwa wanawake na bia mpaka maisha yanamshinda.

Vikauzika kama maandazi ya asubuhi. Mwaka uliofuata akashusha After 4.30, na hapo ndipo moto ulipowaka. Saa kumi na nusu jioni ofisi zinafungwa, kinachofuata baada ya hapo ndiyo stori. Kitabu kizima kimeandikwa kama shairi huru, na anayesikika zaidi ni mwanamke: sekretari anayejua kwamba kazi yake, kodi ya nyumba na chakula cha mtoto vinategemea bosi ameamkaje. Watu walikimbilia kurasa za chumbani. Lakini ukikisoma kwa utulivu unakuta mwanamke mwenye hasira za haki, anayepiga hesabu ya kila mwanaume aliyemuahidi kitu.

Wahakiki wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Chris Wanjala akiwemo, walimponda vibaya. Kwao ile haikuwa fasihi. Kichekesho ni kwamba Maillu ni mhubiri kuliko wengi wao. Mlevi wake haishii pazuri, na mzinzi naye vilevile. Anachokosea machoni pa wakubwa ni kwamba anakupitisha chumbani kwanza ndipo akupeleke kwenye mahubiri.

Kwa Tanzania ya Ujamaa hilo lisingepita. Nchi hii mwaka 1969 ilikuwa na Operesheni Vijana, mini na mawigi yanafukuzwa mitaani, kwa hiyo kitabu cha sekretari na bosi kingeachwaje? Ila ukweli usemwe, marufuku ile haikumgusa kila mtu sawa. Maillu aliandika kwa Kiingereza. Mkulima wa mpunga wa Kilombero aliyejifunza kusoma kwenye madarasa ya watu wazima ya miaka ya 70 alisoma Kiswahili, na huko alikuwa na vyake: Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla tangu 1965, na Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeingia na Kufa na Kupona mwaka 1974. Kajubi Mukajanga naye akaja kuwapa wasomaji wa Kiswahili riwaya za mapenzi zao wenyewe. (Huyu huyu baadaye akawa Katibu Mtendaji wa Baraza la Habari Tanzania. Dunia duara.) Wa kukosa uhondo wa Maillu walikuwa wachache wenye Kiingereza: mwalimu, karani wa stesheni, muuguzi wa hospitali ya misheni pale Ifakara. Yaani watu walewale anaowaandika.

Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa. Kwa mchapishaji wa Nairobi, soko la Bongo lilikuwa limefungwa mara mbili. Comb Books ikaja kuanguka, na mwamba akabaki bila kampuni.

Hakuzima. Mwaka 1980 akaibukia Macmillan, kwenye mfululizo wa Pacesetters uliosomwa na vijana Afrika nzima, na For Mbatha and Rabeka. Safari hii mapenzi matupu, hakuna la kumficha mama. Mbatha ni mwalimu wa kijijini, Rabeka ni mpenzi wake tangu utotoni, halafu anatokea Mawa, kijana wa Nairobi mwenye mambo ya kizungu. Mtu wa Ifakara hahitaji kufafanuliwa. Kila msimu wa mavuno kuna Mawa anashuka na gari, na kuna mwalimu anabaki amesimama na baiskeli yake. Wengi wanakumbuka vile vya 1973 na 1974 tu, lakini hiki ndicho kinachoonyesha kuwa jamaa alijua mapenzi yenyewe, si chumba tu.

Baadaye akatoa Broken Drum mwaka 1991, kurasa zaidi ya 1,000, kama vile anawajibu waliosema ni mwandishi wa vijitabu. Lakini kabla yake alikuwa amefanya utundu mwingine. Alichukua Kiswahili na Kiingereza, akavichanganya ndani ya sentensi moja jinsi watu wa mjini wanavyoongea, akaandika vitabu hivyo hivyo. Kimoja alikiita Without Kiinua Mgongo. Kingine, mwaka 1990, wakati hakuna hata mtu mmoja mwenye Insta, alikiita Anayekukeep.