Sombe, Lengalenga na Samaki: Historia ya Usalama wa Mboga za Majani Vitshumbi

1.0 Utangulizi

Majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa huitwa kisamvu katika Kiswahili cha pwani, na sombe katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Kadhalika, mboga inayoitwa mchicha Dar es Salaam huitwa lengalenga huko Goma. Tofauti hizo za msamiati zinafahamika kwa wanafunzi wa lahaja. Lisilozingatiwa sana ni elimu iliyofungamana na majina hayo, yaani maarifa ya kuligeuza jani lenye madhara kuwa chakula. Makala haya yanaifuatilia elimu hiyo katika Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kilichoko ukingo wa kusini wa Ziwa Edward, katika eneo la Rutshuru, kaskazini ya Goma. Hoja inayotolewa ni kwamba usalama wa mboga haukutegemea ustadi wa mpishi peke yake. Ulitegemea pia ardhi, kuni, maji na samaki, na mambo hayo yote yana historia yake.

2.0 Kijiji kisicho na mashamba

Mwaka 1925 serikali ya Kibelgiji ilianzisha Hifadhi ya Albert katika nchi ya volkano. Mwaka 1929, na tena katika miaka ya 1930, mipaka yake ilipanuliwa hadi kuzizingira nchi tambarare za kusini ya ziwa. Hifadhi hiyo ilipewa jina la Virunga mwaka 1969, na mwaka 1979 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ndani ya mipaka hiyo vijiji vitatu vya uvuvi vilipata kibali upande wa Kongo, navyo ni Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma, chini ya ushirika wa wavuvi uliojulikana baadaye kwa jina la COPEVI.

Kibali hicho kilikuwa cha kuvua samaki, si cha kulima. Kwa hiyo mkazi wa Vitshumbi alikuwa na kitoweo mlangoni, lakini mboga ilimpasa aipate kwa njia mbili: ainunue kutoka nje ya hifadhi, au achume majani yaliyojiotea pembezoni mwa nyumba baada ya mvua kuanza. Kuyafuata majani mbali zaidi kulimaanisha kukiuka sheria ya hifadhi na kukutana na viboko, nyati na tembo. Aidha, tangu vita vya mwaka 1996 njia za kuelekea mashambani zimekuwa na hatari ya watu wenye silaha.

3.0 Muhogo na sumu yake

Muhogo si mmea wa asili wa Afrika. Uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, ukaingia kwanza katika pwani ya magharibi. Katika Kongo ya Kibelgiji, amri ya kilimo cha lazima ya mwaka 1917 ilichangia kuueneza, kwa kuwa watawala waliuona kuwa kinga dhidi ya njaa. Mmea huo ulipokwenda, elimu ya kuuandaa haikuwa na budi kuufuata.

Jani la muhogo lina linamarini, ambayo ikivunjika hutoa sianidi. Kiasi chake katika jani kwa kawaida hukizidi kile cha nyama ya mzizi. Ndani ya jani zima, linamarini na kimeng'enya kinachoivunja hukaa mbalimbali. Kinu ndicho kinachovikutanisha. Majani yanapotwangwa, chembe zake hupasuka, kimeng'enya hufanya kazi, na sianidi huanza kutoka. Kwa vile sianidi huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi, hewa ya wazi na moto wa chungu huiondoa kwa urahisi.

Hapa ndipo mpangilio wa kazi unapodhihirisha hekima yake. Majani hutwangwa kwanza, kisha huchemshwa kwa muda mrefu chungu kikiwa wazi, na mwisho hutiwa mawese, vitunguu na samaki. Anayeyachemsha majani mazima kabla ya kuyatwanga hukiua kimeng'enya kwa moto, na sehemu kubwa ya linamarini hubaki ndani ya jani. Mtaalamu Howard Bradbury wa Australia alionyesha kwamba majani yaliyotwangwa vizuri, yakaachwa juani kwa saa mbili hivi na kuoshwa kwa maji, hupoteza sehemu kubwa ya sumu hata kabla ya kupikwa. Wapishi wa Kongo walikuwa wametwanga kwa vizazi kadhaa kabla maabara haijaeleza sababu.

4.0 Madhara ya njia ya mkato

Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa kupooza miguu ulioonekana Kwango, magharibi ya Kongo. Wenyeji waliuita konzo, neno la Kiyaka linalohusu miguu iliyofungwa. Mwaka 1981 ugonjwa huo uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, na katikati ya miaka ya 1980 ulizuka wilayani Tarime, Tanzania, wakati wa ukame. Konzo husababishwa hasa na mizizi ya muhogo mchungu isiyoandaliwa vya kutosha, wala si sombe. Hata hivyo, historia yake ina fundisho kwa sombe pia.

Uchunguzi uliofanywa Bandundu na kuchapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba biashara ya muhogo iliposhamiri, wauzaji walipunguza siku za kuloweka mizizi, na sumu ikabaki. Watu hawakuwa wamesahau desturi. Walikosa muda. Katika Kivu ya Kaskazini shinikizo linalofanana na hilo hutokana na kuni: makaa ni ghali, ukataji wa miti hifadhini umekatazwa, na chungu cha sombe huhitaji moto wa saa nyingi.

Jambo la pili ni samaki. Mwili huipunguza nguvu sianidi kwa kutumia salfa inayopatikana katika protini. Kwa sababu hiyo konzo huwapata zaidi watu wanaokula muhogo bila kitoweo. Samaki katika chungu cha sombe ni ladha na ni kinga pia. Lakini viboko, ambao samadi yao huyarutubisha maji ya ziwa, walikuwa zaidi ya 25,000 hifadhini katika miaka ya 1970, na kufikia katikati ya miaka ya 2000 walibaki chini ya 1,000 kwa sababu ya uwindaji haramu. Ukiongeza uvuvi usiofuata kanuni, kinga hiyo imekuwa ikipungua.

5.0 Lengalenga na maji

Lengalenga haina sianidi ya namna hiyo. Kanuni zake ni nyepesi: kuchuma majani machanga kabla ya maua, kuyachemsha, na kumwaga maji ya kwanza, ambayo huchukua sehemu ya oksaleti na naitreti. Hatari yake kubwa hutoka nje ya mmea. Lengalenga hustawi penye taka na karibu na vyoo, na kuiosha kwa maji ya ziwa huweza kuleta kipindupindu, maradhi yaliyoua makumi ya maelfu ya wakimbizi Goma mwaka 1994 na ambayo hurudi mara kwa mara katika vijiji vya uvuvi. Mboga iliyooshwa kwa maji safi na kuiva barabara, ikaliwa ingali moto, ndiyo salama.

6.0 Hitimisho

Imedhihirika kwamba elimu ya sombe na lengalenga ni elimu kamili, yenye mpangilio na sababu. Vilevile imeonekana kwamba elimu hiyo huweza kushindwa hata pale inapojulikana vizuri, endapo kuni, maji safi na samaki vitakosekana. Anayewashauri wanawake wa Vitshumbi kuhusu upishi salama hana budi kwanza kuuliza gharama ya moto na bei ya samaki. Kwa upande wa taaluma ya Kiswahili, istilahi za kutwanga, kuchambua na kuchemsha mboga katika lahaja za Kongo zinastahili kukusanywa pamoja na maelezo ya kazi zenyewe, kwa kuwa fasili ya kamusi inayoishia kwenye "majani ya muhogo" huacha nje sehemu muhimu ya maana ya neno sombe.