Tanka ni Lori au Ndege? Historia Fupi ya Wazima Moto Kuelewana

Wengi wenu mnajua TCP/IP na HTTP, na mnajua kwamba tarakilishi mbili zisizotumia itifaki moja haziwezi kuongea hata ukiziweka meza moja. Leo nataka kuwasimulia jinsi wazima moto walivyojifunza jambo hilo hilo kwa uchungu zaidi, na kwa nini mtu aliyeketi hapa Lumakanda akiandika programu ana sababu ya kulijali.

Tuanzie Baltimore, Marekani, Jumapili tarehe 7 Februari 1904. Moto ulishika katikati ya mji na kuwashinda wenyeji, wakaomba msaada wa Washington, Philadelphia, New York na kwingineko. Wenzao walikuja, na vifaa walikuwa navyo. Shida ilikuwa hesi, yaani ile mizunguko ya kiungo cha mpira wa maji unayoikaza kama kifuniko cha chupa. Hesi zao hazikuingia kwenye mabomba ya Baltimore. Fikiria umesafiri na mtambo mzima kwa gari moshi, maji yako mbele yako, moto uko mbele yako, na hakuna cha kuunganisha viwili hivyo. Zaidi ya majengo 1,500 yaliteketea kwa muda wa saa 30 hivi. Baadaye ilionekana kwamba nchi nzima ilikuwa na aina zaidi ya 600 za viungo. Mwaka 1905 chama chao cha kuzuia moto, NFPA, kikapitisha kipimo kimoja: mpira wa inchi 2.5, hesi 7.5 kwa kila inchi. Msidhani basi yaliisha. Miaka 100 baadaye ilikuwapo miji mikubwa ya Marekani ambayo bado haijabadilisha. Mnaolalamika kwamba watu wamekataa kuhamia IPv6, poleni.

Hadithi ya pili ni fupi. Novemba 1935 nyumba iliungua mtaa wa Wimpole, London, wanawake 5 wakafa. Jirani aliyepiga simu alijikuta anangoja foleni ya opereta pamoja na watu waliokuwa wakipiga simu za kawaida, akaandika barua ya hasira kwa gazeti la The Times. Tarehe 30 Juni 1937 London ikaanza kutumia 999, na simu ya namba hiyo ilipoingia, taa iliwaka na kengele ikalia mbele ya opereta. Waliosoma sayansi ya tarakilishi wataitambua mara moja: ni foleni yenye kipaumbele.

Sasa tufike kwenye kiini. Mwaka 1970, kati ya Septemba na Oktoba, mioto mingi iliwaka kwa pamoja California. Kwa siku 13 watu 16 walikufa, majengo 700 na zaidi yakaungua, na zaidi ya ekari nusu milioni zikawa majivu. Vikosi vilikuwa vingi: vya serikali kuu, vya jimbo, vya kaunti, vya miji. Magari yalikuwapo, na watu hawakukosa ujasiri. Lakini kila kikosi kilikuwa na redio za masafa yake, ngazi zake za uongozi na msamiati wake. Inasimuliwa kwamba magari ya zimamoto yalipishana barabarani, haya yakikimbilia kusini na yale kaskazini, kila upande ukienda kusaidia kule mwenzake alikotoka.

Bunge la Marekani likatoa fedha kwa Idara ya Misitu, na kutokana na hizo ukazaliwa mradi ulioitwa FIRESCOPE, uliounganisha vikosi vya kusini mwa California. Matunda yake makubwa ni mfumo wa kuongoza tukio, maarufu kwa herufi ICS. Mimi nikiusoma naona usanifu mzuri wa programu. Kila tukio lina kiongozi mmoja anayejulikana, au uongozi wa pamoja iwapo vikosi ni vingi. Kila msimamizi anaangalia watu 3 hadi 7, si zaidi. Majina ya vyeo ni yale yale popote uendapo. Na kuna fomu zenye namba: ICS 201 ya kumkabidhi kiongozi anayeingia hali ilivyo, 209 ya muhtasari wa hali, 214 ya kuandika nani alifanya nini saa ngapi. Ni karatasi tu. Lakini karatasi yenye nafasi zile zile kila mara ni kiolesura, na mtu aliyetoka mbali akifika usiku anajua aangalie wapi.

Napenda zaidi walichofanya na maneno. Neno "tanka" lilikuwa balaa. Kwa wazima moto wa mashariki mwa Marekani lilikuwa lori la kubeba maji. Magharibi lilikuwa ndege ya kumwaga maji au dawa. Ukiomba tanka 2, utaletewa nini? Wakaamua: tanka ni ndege, na lori la maji likapewa jina lake jingine. Magari nayo yakapangwa kwa aina. Ukiomba gari la Aina ya 1 unajua litakuja na pampu ya galoni 1,000 kwa dakika na watu 4. Na zile namba za siri za redioni, kama "10-4", zikaachwa, watu waseme maneno ya kawaida, kwa kuwa namba moja ilikuwa na maana tofauti katika kila idara.

New York ilikumbusha bei ya kutofanya hivyo. Tarehe 11 Septemba 2001 marubani wa helikopta za polisi waliona kwa macho yao kwamba mnara wa pili hautadumu, wakasema redioni. Redio za polisi. Wazima moto waliokuwa ndani walikuwa na redio zao. Siku hiyo wazima moto 343 walikufa. Siwezi kusema wangapi wangepona, ngazi zilikuwa ndefu na muda mfupi, lakini habari ilikuwapo na haikuvuka. Mwaka 2004 serikali kuu ya Marekani ikatoa mfumo wa taifa uliojengwa juu ya ICS.

Turudi nyumbani. Sisi tuna yetu. Westgate, 21 Septemba 2013, watu 67 waliuawa na magaidi, na iliripotiwa sana kwamba polisi waliotangulia kuingia na wanajeshi waliofuata hawakuwa na mawasiliano ya pamoja, hadi kamanda wa polisi akapigwa risasi na upande wa kwetu. Hapo hesi za Baltimore zimerudi, mara hii kwenye redio.

Na kuna Sachangwan. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilianguka karibu na Molo, watu wakaja na mitungi, moto ukalipuka, zaidi ya 100 wakafa. Barabara ile ndiyo hii inayopita Eldoret, Turbo, kisha karibu nasi hapa, hadi Webuye na Malaba. Malori ya mafuta ya Uganda hupita humo. (Kwetu tanka halina utata: ni lori la mafuta. Sasa mzima moto wa kwetu akiita tanka la maji redioni na neno la mwisho likakatika?)

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliwapa serikali za kaunti kazi ya kuzima moto, na udhibiti wa majanga ukawekwa kwa kaunti na kwa serikali kuu pia. Hivyo tuna kaunti 47, na kila moja inaweza kuwa Baltimore. Tazameni ramani ya Lumakanda. Tuko Kaunti ya Kakamega, lakini Webuye iliyo Bungoma na Eldoret iliyo Uasin Gishu ziko karibu nasi kuliko Kakamega mjini. Lori likianguka mpakani, msaada wa haraka unaweza kutoka kaunti tatu. Nani anaongoza? Nani anamwambia nani kwamba kinachovuja ni petroli na si dizeli?

Ujuzi si wa kuagiza ng'ambo. Januari 2008, katika machafuko ya baada ya uchaguzi, Wakenya wakiwemo Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na mwenzao Erik Hersman waliunda Ushahidi. Ilipokea habari za watu na kuziweka kwenye ramani, kila moja ikiwa na mahali, tarehe, aina ya tukio, na alama ya kuonyesha kama imethibitishwa. Alama hiyo ya mwisho ndiyo ya thamani. Hata itifaki ya dunia ya tahadhari, CAP, iliyotolewa mwaka 2004, hutenganisha vitu vitatu: haraka, ukali na uhakika. Tukio linaweza kuwa kali sana na uhakika ukawa mdogo. Mpiga simu mmoja mwenye hofu hasemi hivyo. Fomu humlazimisha anayepokea kumuuliza.

Kazi ngumu zaidi ni majina ya mahali. Nimeanza orodha yangu mwenyewe ya eneo hili: jina, wadi, kaunti, latitudo na longitudo. Lugari ni eneo bunge, ni wadi, na ni stesheni ya reli. Lumakanda ni mji na ni wadi. Ramani za kabla ya 2013 zinaiweka Likuyani ndani ya Lugari. Turbo ndiyo inanitoa jasho: kuna soko la Turbo kilomita chache kutoka hapa, na kuna eneo bunge la Turbo linalofika hadi Huruma, ndani ya Eldoret. Mtu akipiga simu akasema "moto uko Turbo", kwa sasa programu yangu inamrudishia opereta majibu mawili, na swali la kumuuliza aliyepiga: unaona reli au unaona magorofa?