Nguo ya Gome na Hongo ya Usui

Husemwa kwamba nguo za magome zilitoweka Ngara na Biharamulo kwa kuwa zilikuwa duni kuliko pamba. Sikubaliani. Gome la ndani la miti ya jamii ya mkuyu lina nyuzi za selulosi zilizoshikana. Likipigwa kwa nyundo ya mti yenye mifuo hutanuka likawa nguo, pasipo kusokota uzi wala kufuma. Mti wenyewe, ukiviringishwa majani ya mgomba, huotesha gome jipya. Ni kweli kwamba likilowa nyuzi hulegea na nguo huchanika, wakati pamba huvumilia kufuliwa. Lakini udhaifu huo ulikuwapo tangu mwanzo, na watu waliivaa vivyo hivyo.

Kilichobadilika ni heshima. Mwaka 1861 wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walipopita Usui, nchi iliyokuwa katika eneo hili, mtawala wake Suwarora aliwatoza hongo, yaani ushuru wa kupita, ya vitambaa, shanga na nyaya. Kitambaa cha ng'ambo kilikuwa mali ya wakubwa kabla hakijawa vazi la wote. Kwenye misitu ya miombo, kwa kazi zisizo na heshima ya kugombea, gome la miti liliendelea kutoa kamba na mizinga ya nyuki.