Miaka 130 ya kibali cha Bwana Nyama

Mei 7, 1896, Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri mjini Dar es Salaam: anayetaka kuwinda katika Afrika Mashariki ya Kijerumani sharti awe na kibali cha serikali. Mwaka huu amri hiyo imetimiza miaka 130. Sijasikia iliposherehekewa, wala sioni wa kumwalika. Lakini Namswea, huku Mbinga, nguruwe pori wanaingia shambani usiku, na mwenye mbwa na mkuki anafikiri mara mbili kabla ya kuwafuata porini asije akaitwa jangili. Kwa watu hao amri ya Wissmann si habari ya zamani.

Msitu ulikuwa na wenyewe na sheria zake kabla ya Mjerumani. Kusini hii, kama sehemu nyingi za Afrika ya kati na mashariki, tembo akianguka, pembe iliyogusa ardhi ilikuwa ya mwenye nchi, na ile ya juu ilikuwa ya mwindaji. Fundi wa kuwinda alikuwa na dawa na miiko yake. Nyavu zilitegwa na watu wengi kwa pamoja, na kazi hiyo ilileta kitoweo huku ikiwafukuza waharibifu wa mazao. Atakayekwambia kwamba uhifadhi uliletwa na meli kutoka Ulaya, mwulize nani aliwatunza wanyama ambao Mjerumani aliwakuta.

Wissmann alikuwa na sababu zake. Tembo walikuwa wamepungua kwa biashara ya pembe, na sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imefyeka ng'ombe pamoja na wanyama wa porini. Yeye mwenyewe alikuwa mwindaji, na wawindaji wa aina yake waliogopa kukosa cha kuwinda. Akatenga maeneo mawili ya kwanza yasiyowindwa, moja upande wa Rufiji na jingine magharibi ya Kilimanjaro. Lile la Rufiji ndiyo mbegu ya Pori la Akiba la Selous. Mzungu mwenye rupia zake alilipa akawinda. Mwenyeji aliyeishi kwa wavu na mtego alijikuta anaomba ruhusa kwa mkuu wa kituo ili afanye alichofundishwa na babu yake.

Katika habari hii nimewaegemea wanahistoria wawili. Mjerumani Bernhard Gißibl, katika kitabu chake cha 2016, anaonyesha kwamba kumtawala mnyama ilikuwa njia mojawapo ya kumtawala mtu. Mmarekani Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya 1997 kuhusu Uzaramo, anakwenda mbali zaidi: anawaingiza nguruwe pori katika chanzo cha Vita vya Majimaji. Wanaume walitolewa kwenda kulima pamba na kufanya kazi za serikali, uwindaji wa nyavu ukabanwa, nguruwe wakaongezeka, na waliobaki kulinda mashamba walikuwa wanawake na watoto. Vitabu vyetu vya shule vinataja kodi, pamba na viboko. Nguruwe hatajwi, na kwa maoni yangu hilo ni pengo, kwa sababu mkulima yeyote wa Mbinga angelielewa somo hilo bila mwalimu.

Sasa tazama mambo yalivyofuatana. Juni 15, 1905, Wissmann, aliyekwisha kustaafu, alitoka kuwinda karibu na nyumbani kwake Weissenbach, Austria. Hakurudi hai. Bunduki yake mwenyewe ndiyo iliyomuua. Kabla Julai haijaisha, Wamatumbi walikuwa wameng'oa pamba kule Nandete, na vita vikasambaa hadi huku kwetu. Songea bado inaadhimisha Februari 27, siku ambayo Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni mwaka 1906.

Jina la Wissmann, hata hivyo, lilikuwa bado linaelea Ziwa Nyasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 yeye mwenyewe aliongoza msafara ulioleta meli kwa vipande kupitia Zambezi na Shire, ikaunganishwa na kupewa jina lake. Agosti 1914 meli hiyo, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wake mkubwa. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa glasi wa Rhoades, nahodha wa meli ya Waingereza, Guendolen. Agosti 13 Rhoades akatokea na kuanza kufyatua mzinga. Inasimuliwa kwamba Berndt aliruka katika mtumbwi akapiga makasia kwa hasira hadi ubavuni mwa Guendolen, akamwuliza mwenzake kama amelewa. Habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Rafiki yake akamwarifu kwamba nchi zao zinapigana na kwamba yeye sasa ni mateka. Magazeti ya Uingereza yakaandika kuhusu ushindi wa majini. Liuli ya leo ina wageni wanaopiga picha mwamba, lakini sijaona kibao hata kimoja kinachowaeleza kilichotokea chini yake.

Sanamu ya Wissmann, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909, Waingereza waliing'oa. Pale sasa imesimama Sanamu ya Askari. Ile ya Wissmann ikapelekwa Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena mwaka 1968.

Kilichobaki ni kibali chake. Waingereza walitunga sheria yao ya wanyama mwaka 1921, wakaipa Selous jina mwaka 1922, wakaunda idara ya wanyamapori na kumleta Bwana Nyama, yaani afisa wa wanyamapori, vijijini. Sheria mpya ya 1951 ikaendeleza mambo. Uhuru ulipokaribia, Mwalimu Nyerere alitoa Azimio la Arusha la wanyamapori, Septemba 1961, akiahidi kuwatunza kwa ajili ya wajukuu wa watoto wetu. Mwaka 1973 serikali ilifunga uwindaji wote, mwaka uliofuata ikatunga sheria yake yenyewe, na uwindaji ukafunguliwa tena mwaka 1978. Ukurasa wa kwanza ulibaki uleule: mnyama ni wa serikali, pembe ni nyara za serikali, na wewe ni mwombaji.

Huku kwetu Pori la Akiba Liparamba lilitangazwa mwaka 2000, likipakana na Msumbiji, ambako tembo huja na kuondoka bila pasipoti. Sheria inayotumika sasa ni ya 2009. Operesheni Tokomeza ya 2013, dhidi ya ujangili, ilisitishwa baada ya malalamiko ya mateso na mauaji, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. TAWA, mamlaka ya wanyamapori, ikachukua mapori ya akiba. Mwaka 2020 zikaja kanuni za mabucha ya nyamapori, hatua nzuri ambayo kijiji kisicho na bucha hakijaionja.

Kanuni za 2011, zilipotungwa, zilitoa kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama mkali, na kifuta jasho cha shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari ya mazao, kutegemea umbali wa shamba kutoka hifadhini, kisichozidi ekari tano. Fedha hizo zilikuwa za hasara iliyoletwa na tembo, kiboko na wenzao. Nguruwe pori na nyani, wanaomaliza mashamba ya ngoro ya Wamatengo msimu baada ya msimu, hawakuwamo. Aliyeliwa mahindi na nguruwe anaambiwa alinde shamba au amwite afisa wanyamapori wa wilaya, ambaye ana kata nyingi na mafuta machache.

Kuna pia suala la kalenda. Uwindaji hufunguliwa Julai 1, na kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni msimu umefungwa ili wanyama wazaane. Mantiki yake kwa tembo, nyati na pofu naikubali. Lakini Aprili hadi Juni ndiyo miezi ambayo mahindi ya Namswea yanakomaa na kusubiri kuvunwa, na nguruwe wanaijua kalenda hiyo vizuri kuliko walioiandika. Leseni inapoanza kutolewa, kilichookoka kimeshaingia ghalani.