Nani anajibu kosa lililopandikizwa? Historia fupi ya Debian 12.3

Siku ya posho, tarehe 9 Desemba 2023, watu wa Debian walikuwa tayari kutoa toleo 12.3. Debian ni moja kati ya mifumo ya zamani zaidi ya Linux, ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na seva nyingi duniani zinaitumia. Lakini siku ile tangazo lililotoka lilikuwa la kusimamisha kazi: kerneli mpya, 6.1.64-1, inaweza kuharibu data kwenye diski. Asiyesasisha mashine yake, asubiri kwanza.

Mutaniuliza: wewe ulisoma kilimo, mambo ya kerneli yanakuhusu nini? Yananihusu, kwa sababu kosa lile lilikuwa kosa la kupandikiza. Na nyuma yake kuna swali ambalo kila fani inalo: kazi ikipita kwa mikono mingi halafu iharibike, nani anajibu?

Tuanzie kwenye msingi. Mutu anayechagua toleo imara la Debian amekubali mapatano: vitu havitabadilika ovyo. Debian 12, iliyotoka mwezi wa sita 2023, ina kerneli 6.1, na itabaki na tawi hilo. Lakini makosa yanaendelea kugunduliwa kila juma. Basi wanachukua tengenezo lililoandikwa kwa kerneli mpya, wanaliunganisha kwenye kerneli ya zamani. Sawa vile sisi tunakata kitawi cha avoka bora na kukifunga kwenye shina la avoka ya kienyeji. Kitawi kinaweza kuwa kizima, shina nalo zima, na bado visishikane.

Kazi hiyo ilipata utaratibu wake mwaka 2005, wakati Greg Kroah-Hartman na Chris Wright walianzisha matawi imara ya kerneli. Waliweka sheria chache. Moja inasema badiliko lazima lionekane wazi kuwa ni sahihi, na liwe limejaribiwa. Sheria nzuri. Lakini limejaribiwa kwenye shina gani? Njo hapo shida inalala.

Mwaka 2023 kulikuwa na tengenezo la ext4, njia ambayo Linux nyingi zinatumia kupanga faili kwenye diski. Kuna programu zinazoandika moja kwa moja kwenye diski na kudai uhakika kwamba maandishi yamefika kweli. Faili ikiongezeka, ukubwa wake mpya ungeweza kukosa kuhifadhiwa. Umeme ukikatika hapo, kilichoandikwa mwishoni kinapotea. Sisi tunaoishi na umeme wa kuja na kwenda, hatuna haja ya kufafanuliwa. Kwenye kerneli mpya tengenezo lile lilikuwa sahihi kabisa.

Ila lilikuwa linaegemea badiliko lingine, la sehemu ya chini inayoitwa iomap, ambalo liliingia na kerneli 6.5 mwezi wa nane. Kerneli 6.1 haikuwa nalo. Tarehe 28 Novemba, 6.1.64 ikatoka na kitawi bila shina lake. Matokeo: baada ya uandishi wa namna ile, alama ya kuonyesha pa kuandika haikusogea mbele. Ni kama mukulima anayepanda kwa kamba, anatia mbegu, halafu hapigi hatua. Mbegu inayofuata inaingia shimo lilelile. Hakuna kelele, hakuna ujumbe wa kosa. Utajua siku ya kuvuna.

Kitu kinachonigusa zaidi ni kwamba jaribio la kunasa kosa hilo lilikuwepo. Lilishtuka wakati tawi lingine, 5.15.140, lilikuwa linakaguliwa likiwa na mabadiliko 297 ya kupitiwa kwa siku chache tu. Mwanzoni mwa Desemba, Jan Kara, mutu anayejua sana mifumo ya faili, alieleza chanzo na kuonya kwamba 6.1 imeshatoka na kosa ndani. Tarehe 8 Desemba 6.1.66 ikatengeneza. Lakini Debian walikuwa wameshaandaa toleo lao na 6.1.64, na vifurushi vilishaanza kusambaa.

Sasa, nani anajibu? Mwandishi wa tengenezo atasema: kwangu lilifanya kazi. Ni kweli. Watunzaji wa tawi imara watasema: tuliliweka wazi likaguliwe. Ni kweli. Debian watasema: tulichukua kilichotoka kwa wenye kerneli. Ni kweli pia. Na leseni ya GPL inasema wazi kwamba programu inatolewa bila dhamana yoyote, kwa hiyo kisheria hakuna wa kumushitaki. Ukweli wa watu watatu, na data ya mutu wa nne imeharibika.

Mimi naona hivi: anayepandikiza njo anayejibu. Aliyekuza kitawi hawezi kujua mashina yote ya dunia. Anayekileta kwenye shina jipya njo peke yake yuko mahali pa kuona kama kinashika, basi yeye ana deni la kujaribu palepale. "Ilijaribiwa kule" ni habari nzuri, lakini haitoshi huku. Nasi tunajua: mbegu iliyofanya vizuri kwenye kituo cha utafiti inaweza kukwama vibaya kwenye udongo wa mlimani.

Lakini kuna nusu ya pili ya kujibu, na hapo nawapa Debian heshima yao. Hawakusubiri wamalize kubishana kosa ni la nani. Walisimamisha picha za 12.3, wakawaambia watu hadharani, na kesho yake, tarehe 10, 12.4 ikatoka na kerneli 6.1.66. Toleo 12.3 likabaki jina tu kwenye historia.

Kesho wengi wetu tutapewa kazi za kupokea: mbegu, dawa, programu, hata ripoti ya mutu mwingine. Kabla hatujaweka sahihi, tuulize: ilijaribiwa wapi, na je, pale palifanana na hapa? Wandugu, kwenye fani yako nani anauliza swali hilo?